John Williamson wa Mwadui na Hesabu ya Tani Mia

Wapo watu wengi waliokuja kuichimba ardhi ya Tanganyika katika zama za ukoloni, wakapata walichopata, wakaenda zao na majina yao yakasahaulika. Jina la Dk. John Thorburn Williamson halikusahaulika. Zaidi ya miaka 60 baada ya kufa kwake, mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ulikuwa bado ukiitwa kwa jina lake. Leo tunasimulia habari za mtu huyu, si kwa kumtukuza wala kwa kumlaani, bali kwa kuwa maisha yake na yaliyofuata baada yake yana mazingatio makubwa kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya mali ya umma.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, nia yake ya kwanza ilikuwa kusoma sheria. Elimu ya miamba ikamvuta, akaifuata mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Kutoka hapo alikuja Afrika, akafanya kazi ya utafiti wa madini huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaingia Tanganyika kuitumikia kampuni iliyokuwa ikichimba almasi huko Mabuki, karibu na Mwanza. Kampuni ile ilipokata tamaa, yeye hakukata. Alibaki Usukuma, akitafuta kwa mkono wake mwenyewe na kwa jasho la vibarua wachache, huku malaria ikimsumbua na fedha zikimwishia. Mwanasheria mmoja wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra, alimsaidia kwa mtaji naye akawa mshirika wake. Ama wale vibarua waliochimba na kuchekecha changarawe juani, majina yao hayakupata nafasi katika vitabu. Hiyo ndiyo ilikuwa insafu ya enzi zile.

Mwezi Machi 1940 juhudi hiyo ilizaa matunda. Chini ya uwanda ule wa mibuyu palikuwa na mwamba wa kimbalaiti, yaani mwamba uliopanda kutoka tumboni mwa dunia, kina cha zaidi ya kilomita 100, ukiwa umebeba almasi. Uso wa mwamba huo una eneo la takribani hekta 146, na umehesabiwa kuwa miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya almasi iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huohuo. Baada ya kukatwa na kusuguliwa ilibaki karati 23.6, ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Hivyo tunu iliyotoka katika udongo wa Shinyanga ikaenda kukaa katika hazina ya kifalme, na mwananchi wa Shinyanga hakuulizwa.

Inafaa wasomaji wetu wafahamu jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana bila ya kufahamu kazi haiwezekani kufahamu hatari yake. Almasi haichimbwi kama muhogo. Mwamba huvunjwa, husagwa, huoshwa kwa maji mengi, kisha hutenganishwa kwa uzito, kwa kuwa almasi ni nzito kuliko mawe ya kawaida. Zamani mawe yaliyobaki yalipitishwa juu ya meza zilizopakwa grisi; mawe mengine hulowa maji yakapita, lakini almasi hailowi, hivyo hunasa katika grisi. Katika zama za karibuni mwamba wa Mwadui umekuwa ukitoa takribani karati 6 kwa kila tani 100. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Kwa hiyo, ili kupata gramu moja na ushei ya almasi, ni lazima tani 100 za mwamba zing'olewe, zisagwe na zioshwe. Gramu hiyo husafiri kwa ndege mpaka sokoni. Zile tani 100 hubaki palepale, nyingine zikiwa changarawe, nyingine zikiwa tope lililochanganyika na maji.

Katika biashara Williamson alikuwa mtu mgumu. Soko la almasi la dunia lilikuwa mikononi mwa De Beers na washirika wake wa London, ambao walipanga nani auze kiasi gani na kwa bei gani. Yeye alikuwa mmoja wa wachache waliothubutu kubishana nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizuia almasi zake zisiuzwe mpaka apate masharti bora, na mwishowe akatia saini mkataba akiwa na kauli, si kwa kupigishwa magoti. Hapo Mwadui alijenga mji mzima wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege, ingawa makazi na mishahara ilifuata matabaka ya rangi kama ilivyokuwa desturi ya kikoloni. Hakuoa, hakuacha mtoto, na maradhi ya saratani ya koo yalimchukua mwezi Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50.

Mwaka uleule warithi wake waliuza mgodi. De Beers walichukua nusu na serikali ya kikoloni ya Tanganyika nusu. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, nusu hiyo ikawa mali ya taifa, na katika miaka ya 1970 Serikali ilizidi kuushika mgodi. Tunasema bila ya kuuma maneno kwamba umiliki ule ulikuwa haki. Lakini ni haki vilevile kukiri kwamba mitambo ilichakaa, vipuri vilikosekana na uzalishaji ulishuka, hata mwaka 1994 De Beers wakarudishwa na hisa 75 kwa mia, Serikali ikibaki na 25. Mwaka 2009 hisa hizo za De Beers zilikwenda kwa kampuni ya Petra ya Uingereza, na makubaliano ya mwaka 2021 yalikusudia kuiongezea Serikali sehemu yake ifikie 37 kwa mia.

Katika miaka hiyo yote ya kugombea hisa, zile tani 100 zilikuwa zikiendelea kurundikana. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la Mwadui ulipasuka. Tope lilimwagika nje ya mgodi, likaingia katika makazi, mashamba na malisho ya wananchi wa Kishapu. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyekufa, lakini watu walipoteza nyumba na ardhi, na mgodi ulisimama kwa miezi kadhaa. Nchini Brazili, huko Brumadinho, bwawa la namna hiyohiyo lilipasuka tarehe 25 Januari 2019, likaua watu 270. Tofauti ya misiba hiyo miwili isihesabiwe kuwa ni ustadi wetu. Mara nyingi ukuta wa bwawa la tope hudhoofika kabla ya kuvunjika. Maji huweza kupenya kidogo kidogo, mifereji ya ndani ikaziba, kina kikazidi kiasi, na mara nyingi dalili huonekana na mwenye macho ya kuziona. Kinachotakiwa ni mkaguzi mwenye elimu, daftari linaloandikwa kila siku, na mkubwa mwenye ujasiri wa kusimamisha kazi kabla ya ukuta kusema.

Huenda mtu wa visiwani akauliza: sisi hatuna almasi, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Sisi tuna mchanga, mawe, kokoto na chokaa, na kila nyumba inayojengwa mjini imeacha shimo shamba. Mchanga ukishapakiwa katika lori, aliyeuuza huhesabu fedha, na aliyeununua huhesabu matofali. Shimo halina wa kulihesabu. Mvua za masika hulijaza maji, watoto huenda kuoga, na ardhi iliyokuwa na minazi na mihogo hairudi tena kuwa shamba. Hesabu ya mchanga ni ileile ya Mwadui: kinachouzwa huondoka, na kinachobaki hubaki na jirani.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa wilaya na wa idara zinazohusika kwamba kutia saini kibali cha kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua shimo litafukiwa na nani, kwa fedha zipi, na lini. Fedha hizo ziwekwe kando kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, kwa sababu mchimbaji aliyekwisha kupata chake hapatikani tena. Mkaguzi aende shambani, asisubiri taarifa mezani. Na wananchi wapewe haki ya kuuliza na kujibiwa, kwani wao ndio watakaolala karibu na shimo hilo usiku.

Williamson alikuwa bepari, na mali aliyoitafuta aliitafuta kwa ajili yake. Tangu mwaka 1958 serikali imekuwa mshirika katika mali ile, na tangu Uhuru sehemu hiyo ni yetu sote. Mwenye almasi ana wajibu wa kulinda almasi. Umma, ambao ndio wenye ardhi, una wajibu mkubwa zaidi wa kulinda ardhi na watu wanaokaa juu yake. Amana hairithiwi kwa hisa peke yake. Hurithiwa pamoja na tope lake.