Reginald Painter: Mtafiti Aliyeitafutia Ngano Kinga ya Asili Dhidi ya Wadudu

Dkt. Reginald Henry Painter, mtaalamu wa wadudu wa Marekani anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya ukinzani wa mimea dhidi ya wadudu waharibifu, alizaliwa mwaka 1901 katika Jimbo la Texas. Mwaka 1926 alijiunga na Chuo cha Kilimo cha Jimbo la Kansas, katika mji wa Manhattan, na huko ndiko alikofanya kazi iliyompa jina.

Wakati huo wakulima wa ngano wa Kansas walikuwa wakisumbuliwa na nzi wa Hessian. Nzi huyo aliitwa hivyo kwa sababu Wamarekani waliamini kuwa aliletwa na askari wa kukodiwa wa Hesse, Ujerumani, katika majani makavu ya matandiko yao wakati wa vita vya uhuru. Jina la lawama zaidi kuliko la kisayansi. Nzi mwenyewe huishi siku chache tu. Madhara hutokana na mabuu, ambayo huteremka hadi kwenye shina, hujificha nyuma ya ala ya jani na kufyonza utomvu. Mche mchanga hudumaa au kufa, na mmea uliokwisha kurefuka huanguka kabla ya mavuno.

Kinga iliyotegemewa ilikuwa kuchelewa kupanda hadi nzi wapite. Hata hivyo, ngano iliyochelewa huikabili baridi kali ikiwa bado dhaifu, hivyo mkulima alilazimika kuchagua hasara moja kati ya mbili.

Painter alishirikiana na wazalishaji wa mbegu, akiwemo John H. Parker, kupima aina nyingi za ngano ili kubaini zipi zinamshinda mdudu. Mapema, mwaka 1930, alieleza jambo lililowatahadharisha watafiti: nzi hao hawakuwa wa namna moja. Aina ya ngano iliyokuwa salama upande mmoja wa Kansas iliweza kushambuliwa upande mwingine. Kwa hiyo kazi ya kuzalisha mbegu kinzani haikuweza kufanywa mara moja na kuachwa.

Matunda yalichukua muda. Aina ya Pawnee, iliyotokana na Kawvale na Tenmarq, ilitolewa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1940, ikafuatiwa na Ponca mwaka 1951. Mkulima aliyepanda mbegu hizo alipata kinga ndani ya punje yenyewe, bila gharama ya ziada shambani.

Mwaka huohuo wa 1951 Painter alichapisha kitabu chake kuhusu ukinzani wa mimea ya mazao dhidi ya wadudu. Kilitoka wakati ambapo DDT na viuatilifu vingine vipya vilisifiwa kila mahali, na utafiti wa polepole kama wake haukuwa na mvuto mkubwa. Humo aligawa ukinzani katika namna tatu: mdudu kutoupenda mmea, mmea kumdhuru mdudu anayeula, na mmea kustahimili mashambulizi na bado ukazaa.

Painter alifariki dunia mwaka 1968. Miaka kumi baadaye wataalamu waliibadilisha istilahi ya namna ya kwanza, wakieleza kuwa kutopendwa ni tabia ya mdudu, si sifa ya mmea. Nyingine mbili zinatumika hadi leo.