Poul Henningsen: Jamaa aliyeficha balbu

Hebu tazama balbu tupu ikiwaka. Macho yanauma, sivyo? Kero hiyo ndiyo iliyompa Poul Henningsen kazi ya maisha yake.

Alizaliwa Denmark mwaka wa 1894, akakua na taa za mafuta zenye mwanga mtulivu. Stima ilipoingia majumbani, mwanga ukawa mkali wa kuchoma macho. Mwaka wa 1925 taa zake zilishinda dhahabu kwenye maonyesho ya Paris. Mwaka uliofuata akaja na taa ya vifuniko vitatu: balbu huioni, ila mwanga unashuka taratibu hadi mezani.

Kisha Wanazi wakaivamia Denmark, na usiku miji ikaamriwa kukaa gizani ili ndege zisiione. Henningsen akaiundia bustani ya burudani ya Tivoli, jijini Copenhagen, taa za kumulika chini tu. Rubani haoni kitu, huku watu chini wanajivinjari kama kawaida! Hata hivyo, mwaka wa 1943 ilibidi atorokee Sweden.

Vita vilipoisha alirudi, na mwaka wa 1958 akabuni Artichoke, taa yenye majani 72. Alifariki 1967. Taa zake zinauzwa hadi leo, na balbu bado huioni.