Theodosius Dobzhansky na mpaka usioonekana kati ya spishi

Nzi wawili wadogo, wanaofanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye darubini hupata taabu kuwatofautisha, ndio waliolipa jina la Theodosius Dobzhansky uzito mkubwa katika elimu ya viumbe hai.

Dobzhansky alizaliwa Januari 25 mwaka 1900 katika mji wa Nemyriv nchini Ukraine, iliyokuwa wakati huo chini ya himaya ya Urusi. Tangu utotoni alikusanya wadudu, na utafiti wake wa mwanzo ulihusu mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa mgongoni. Alihitimu Chuo Kikuu cha Kiev mwaka 1921, kisha mwaka 1924 akahamia Leningrad.

Desemba 1927 aliwasili New York kwa ufadhili, kufanya kazi katika maabara ya Thomas Hunt Morgan. Safari hiyo ilikusudiwa kuwa ya muda tu. Lakini hali nyumbani ilizidi kuwa mbaya, akaamua kubaki, na mwaka 1937 akapata uraia wa Marekani. Nchi yake hakurudi tena.

Uamuzi huo pengine ulimwokoa. Nikolai Vavilov, bingwa wa mimea na mbegu, alikamatwa mwaka 1940 na kufia gerezani mjini Saratov mwaka 1943, huku Trofim Lysenko, aliyeikana elimu ya jeni, akiungwa mkono na Stalin. Dobzhansky alijibu kwa namna ya pekee: alikitafsiri kitabu cha Lysenko kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 1946, ili wasomaji waone wenyewe udhaifu wake.

Tangu enzi za Carl Linnaeus wa Sweden, katika karne ya 18, viumbe viliainishwa hasa kwa maumbo yao. Dobzhansky alionyesha kuwa umbo halitoshi. Nzi wake walihesabiwa kuwa spishi moja, Drosophila pseudoobscura, yenye makundi mawili yaliyoitwa A na B. Walipopandishwa, majike chotara waliweza kuzaa, lakini madume chotara walikuwa tasa. Mwaka 1944, yeye na Carl Epling walilitangaza kundi B kuwa spishi kamili, Drosophila persimilis.

Katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu jeni na asili ya spishi, alieleza vizuizi vinavyotenganisha viumbe kiuzazi. Wengine huishi mazingira tofauti au hupandana nyakati tofauti. Majike wengine huwakataa madume wageni. Na hata wakipandana, kijusi huweza kufa, au mtoto akazaliwa tasa, kama baghala, mtoto wa punda na farasi. Alichokiona yeye ni kwamba spishi ni jamii ya wanaochangia jeni, wala si kielelezo kilichokaushwa katika sanduku la makumbusho.

Kipimo hicho kina kasoro. Bakteria hawazaliani kwa kupandana, na mimea mingi huvuka mpaka huo bila taabu. Hata hivyo, kwa wanyama wengi, hadi leo wataalamu hukianzia hapo.

Mwaka 1968 aligundulika kuwa na saratani ya damu, na mwaka uliofuata mkewe, Natalia, akafariki. Aliendelea na utafiti, tangu mwaka 1971 akiwa mjini Davis, California, na alifariki Desemba 18 mwaka 1975.