Lord Delamere

Hugh Cholmondeley, Baron Delamere wa 3 (28 Aprili 1870 – 13 Novemba 1931), anayejulikana zaidi kama Lord Delamere, alikuwa mlowezi, mkulima, mfugaji na mwanasiasa kutoka Uingereza aliyeishi nchini Kenya wakati wa ukoloni. Anakumbukwa kwa kuanzisha mashamba makubwa katika Bonde la Ufa, hasa Ranchi ya Equator huko Njoro na ranchi ya Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita. Anakumbukwa pia kama kiongozi wa walowezi waliotaka nyanda za juu za Kenya ziwe za Wazungu peke yao.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya makabaila yenye makao yake Vale Royal, Cheshire, nchini Uingereza. Alisoma katika shule ya Eton. Baba yake alipofariki mwaka 1887, alirithi cheo cha Baron na mali ya familia akiwa na umri wa miaka 17.

Kuanzia mwaka 1891 alisafiri mara kadhaa hadi nchi ya Wasomali kuwinda simba. Katika mojawapo ya safari hizo alishambuliwa na simba akajeruhiwa vibaya mguuni. Aliokolewa na Msomali aliyekuwa akimbebea bunduki, Abdulla Ashur, aliyemrukia simba huyo. Tangu siku hiyo Delamere alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alianza safari ndefu kutoka Berbera kupitia Ethiopia kuelekea kusini. Baada ya miezi mingi ya kupita katika nchi kavu, msafara wake ulifika mwaka 1897 kwenye nyanda za juu za Kenya zenye majani mabichi na hali ya hewa ya baridi. Aliona kwamba nchi hiyo ingefaa kwa kilimo na ufugaji wa namna ya Ulaya.

Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, binti wa kabaila wa Enniskillen huko Ireland. Mtoto wao, Thomas, alizaliwa mwaka 1900. Kaka za Florence, Berkeley na Galbraith Cole, nao walihamia Kenya baadaye.

Ranchi ya Equator

Reli ya Uganda ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Serikali ya kikoloni ilitaka wakulima wa Kizungu wakae kandokando ya reli ili mazao yao yasaidie kulipia gharama zake, na Kamishna Charles Eliot aliwakaribisha walowezi. Maombi mawili ya kwanza ya Delamere yalikataliwa: la kwanza kwa sababu ardhi ilikuwa mbali mno na reli na vituo vya serikali, la pili kwa sababu ilihofiwa kwamba lingeleta ugomvi na Wamaasai. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 (takriban km² 405) huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Alitakiwa kulipa kodi ya pauni 200 kwa mwaka na kuwekeza pauni 5,000 katika miaka mitano ya kwanza.

Shamba hilo lilikuwa nyika tupu. Hapakuwa na nyumba, ua wala barabara. Delamere na mke wake walianza maisha katika vibanda vya nyasi na udongo, na fedha za kuendeleza shamba zilitoka katika mali ya familia iliyoko Uingereza.

Aliagiza kondoo wa aina ya merino kutoka New Zealand na madume ya ng'ombe kutoka Uingereza. Kondoo wengi walikonda na kufa ingawa majani yalikuwa mengi. Wamaasai walikuwa wakiijua sehemu hiyo tangu zamani na hawakupenda kulisha mifugo yao hapo. Delamere alielewa sababu yake baada ya kupata hasara: majani ya Njoro yana upungufu wa madini yanayohitajiwa na mifugo. Ng'ombe wa kigeni nao walikufa kwa magonjwa ambayo hawakuwa na kinga dhidi yake.

Baada ya hapo aligeukia ngano. Mimea ilistawi, kisha ikaharibiwa na ugonjwa wa kutu. Aliajiri mtaalamu na kufungua maabara shambani ili kupata mbegu zinazostahimili ugonjwa huo. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya kusaga nafaka iliyopewa jina la Kiswahili, Unga. Hata hivyo, mwaka 1909 fedha zake zilikuwa zimekwisha. Tumaini lake lilibaki katika ekari 1,200 za ngano, nazo hazikufaulu. Alijaribu pia kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya, akaagiza mashine za kuangulia mayai, lakini biashara hiyo ilianguka wanawake wa Ulaya walipoacha kuvaa kofia za manyoya.

Soysambu

Mwaka 1906 Delamere alikuwa amepata shamba la pili, Soysambu, lenye zaidi ya ekari 50,000 karibu na Gilgil. Alihamishia huko kondoo waliobaki, na katika malisho hayo walistawi. Alizalisha mifugo chotara kwa kuchanganya wanyama wa kienyeji waliozoea nchi na wale wa kigeni. Wachungaji wake wengi walikuwa Wamaasai. Alijifunza lugha yao na kutegemea ujuzi wao wa mifugo. Polepole mapato ya mifugo yalianza kufidia hasara za Njoro, na makosa yake yaliwafundisha walowezi waliokuja baadaye wasiyarudie.

Siasa na suala la ardhi

Ardhi ya Bonde la Ufa iliyogawiwa walowezi ilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa Naivasha na Nakuru wakapelekwa Laikipia na sehemu za kusini, kwa ahadi kwamba wangebaki huko daima. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia pia. Mwaka 1913 Wamaasai wakiongozwa na Ole Gilisho walipinga jambo hilo mahakamani, lakini shauri lao lilitupwa bila madai yenyewe kusikilizwa.

Delamere aliishi karibu na Wamaasai na aliwapenda, lakini katika siasa alitetea umiliki wa Wazungu. Aliongoza chama cha kwanza cha wakulima walowezi na kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1907. Mwaka 1908 aliongoza maandamano ya walowezi hadi kwa gavana kuhusu sheria za vibarua, akasimamishwa kwa muda kwenye baraza. Alipinga pia Wahindi kupewa haki sawa na Wazungu, na mwaka 1923 alikwenda London kwa ajili hiyo. Tamko la serikali ya Uingereza la mwaka huo liliwaachia Wazungu nyanda za juu, lakini lilisema kwamba masilahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza nchini Kenya. Mwaka 1925 aliitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu, Tanganyika, kujadili ushirikiano kati ya makoloni.

Miaka ya mwisho

Lady Florence alifariki mwaka 1914. Mwaka 1928 Delamere alimwoa Gwladys Beckett, ambaye baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Delamere alifariki tarehe 13 Novemba 1931 akiwa na umri wa miaka 61, akaacha madeni makubwa ya benki. Alizikwa Soysambu.

Urithi

Barabara kuu ya Nairobi iliitwa Delamere Avenue na sanamu yake ilisimamishwa hapo. Baada ya uhuru barabara hiyo ilipewa jina la Kenyatta Avenue, na sanamu ilihamishiwa Soysambu. Njoro bado ni kituo cha utafiti wa ngano, na kampuni ya Unga inaendelea hadi leo. Soysambu imebaki mikononi mwa familia yake na sasa ni pia hifadhi ya wanyamapori. Ziwa Elmenteita lililo ndani ya eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Madai ya Wamaasai kuhusu ardhi waliyoipoteza wakati huo bado yanajadiliwa nchini Kenya.