Tabibu wa Mengo na Wanafunzi Wake

Huenda msomaji akastaajabu kuona twaeleza maisha ya mmisheni. Hatukusudii kusifu kazi yake ya kueneza dini, kwani hiyo ndiyo iliyomleta, wala hakuificha. Tunalolitaka kwake ni moja tu, nalo ni namna alivyowafundisha wenyeji utabibu.

Albert Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasomea udaktari Cambridge na London. Mwaka 1896 alishuka Mombasa, akaenda na wenzake kwa miguu hata Mengo, mji wa Kabaka, wakawasili Februari 1897. Njia ya misafara ya zama zile ilikata nyika ya Ukambani, katika Makueni ya leo, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliijua kwa biashara zao za huko na Kitui. Hapo Kibwezi Wamisheni wa Kiskochi walikuwa wamejenga kituo mwaka 1891. Homa iliwaua wengi wao, na mwaka 1898 kituo kikahamishiwa Kikuyu. Basi na yafikiriwe hayo: tabibu mgeni akifa, au akirejea kwao, wagonjwa hubaki vile vile.

Cook alilitambua jambo hilo. Hospitali yake ya Mengo iliungua kwa radi mwaka 1902, akajenga nyingine. Lakini jengo silo lililomshughulisha zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza aliwafundisha Waafrika kuwa wasaidizi wa tabibu, akataka wawe na chuo kamili. Madaktari wa serikali ya kikoloni wakampinga, na chuo hakikutimia wakati wake. Mwaka 1918 yeye na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, walifungua shule ya wakunga. Mabinti wa Kiganda walisoma, kisha wakatumwa mitaani na vijijini kuzalisha. Katika habari ya kaswende alitia chumvi, kama walivyobainisha wachunguzi wa baadaye. Walakini wakunga wale walikuwa wa kweli.

Nasi je? Wako miongoni mwetu wanaokataa binti kusomea ukunga, wakidai ni aibu. Binti huyo huyo akishikwa na uchungu usiku, baba hukimbia mtaa mzima akitaka mkunga mwanamke, tena Mwislamu. Atatoka wapi, ikiwa kila baba amemzuia wake? Na elimu hii si ngeni kwetu. Al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliketi na wanafunzi wake safu kwa safu. Mgonjwa akaanza kwa wale wa mbele, wakishindwa akapelekwa kwa waliowazidi, hata mwisho akamfikia shekhe mwenyewe. Tena akatunga kitabu cha tiba kwa ajili ya wasio na tabibu.

Katharine alifariki mwaka 1938, na Cook mwaka 1951 huko huko Uganda. Hospitali ya Mengo ingali ikitibu, na wauguzi na wakunga wangali wakifundishwa hapo.