Siku tatu kutoka Luapula

Sisi wa Kolwezi tunaishi karibu na mto Lualaba, na jamaa nyingi zinakula kwa sababu ya shaba. David Livingstone alitamani sana kufika huku, aione shaba ya Katanga na chemchemi za mto huu. Hakufika. Kilichomzuia ni tumbo.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813, katika nyumba ya maskini, na akiwa na miaka 10 alikuwa tayari anafanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Watu wengi wanamkumbuka kama mmisionari na msafiri, wakisahau kwamba alikuwa daktari kamili, aliyepata cheti chake Glasgow mwaka 1840. Katika safari zake alitengeneza vidonge vyake mwenyewe vya homa: kwinini iliyochanganywa na dawa kali za kuharisha. Aliamini tumbo likisafishwa, homa hupungua.

Tumbo lake mwenyewe lilimsumbua miaka mingi. Alihara damu mara kwa mara, tena alikuwa na bawasiri, ule ugonjwa wa mishipa ya njia ya haja kubwa unaotoa damu. Alipokuwa Uingereza mwaka 1864 alishauriwa apasuliwe, naye akakataa. Inasemekana aliogopa jambo hilo lisiandikwe katika magazeti. Nani kati yetu hamjui mtu aliyeficha ugonjwa wa namna hiyo kwa haya? Daktari naye ni mtu.

Akarudi Afrika mwaka 1866. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa. Livingstone aliona kama amehukumiwa kifo, na hakukosea sana. Tangu siku hiyo homa na kuhara vilimkuta mikono mitupu. Chakula kilikuwa haba. Mahindi magumu yalimlegeza meno hata yakang'oka, na mtu asiyeweza kutafuna analipeleka tumboni lile ambalo tumbo haliliwezi.

Mwaka 1871 alifika Nyangwe, Maniema, akauona Lualaba kwa macho yake. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara ya utumwa walifyatua bunduki sokoni, wakaua mamia, wengi wao wanawake. Alirudi Ujiji moyo umevunjika na tumbo linamwendesha. Huko Stanley alimkuta, akamletea dawa na chakula kizuri, na mzee akaanza kula mara nne kwa siku. Alipata nguvu upesi. Laiti angerudi kwao wakati ule! Lakini hakutaka.

Agosti 1872 aliondoka Tabora, akipanga kuzunguka kusini mwa ziwa Bangweulu kisha kuelekea magharibi, kwenye shaba ya Katanga. Mvua iliwakuta katika mabwawa. Walitembea majini siku baada ya siku, naye akitokwa na damu. Kufikia Aprili 1873 alikuwa mweupe kwa kupungukiwa damu. Tarehe 21 alianguka kutoka juu ya punda, na tangu hapo walimbeba kwenye kitanda. Leo mgonjwa wa namna hiyo angeongezewa damu, na anayehara angenyweshwa maji yenye sukari na chumvi. Yeye alikuwa na kalomeli, dawa ya zebaki inayosukuma tumbo. Nadhani ilimmaliza nguvu zaidi.

Usiku wa mwisho, katika kijiji cha Chitambo, alimwuliza Susi kwa Kiswahili ni siku ngapi mpaka Luapula. Susi alijibu tatu. Ng'ambo ya Luapula ndiyo Katanga. Kisha akaomba sanduku la dawa, akachagua kalomeli kwa shida maana macho hayakuona vizuri. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, ndiye aliyeupasua mwili ili ukaushwe kwa chumvi na jua. Upande wa kushoto wa tumbo alikuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti, Jacob Wainwright akisoma ibada ya maziko. Halafu Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874.