Leopold Joubert

Leopold Joubert (pia: Ludovic Joubert, Saint-Herblon, Ufaransa, 22 Februari 1842 – Kongo, 27 Mei 1927) alikuwa mwanajeshi na mmisionari mlei aliyepigana na wateka watumwa kando ya Ziwa Tanganyika. Alianzia kazi hiyo Karema, leo katika mkoa wa Katavi, Tanzania.

Ujanani alijitolea katika jeshi la Dola la Papa kuanzia 1860 hadi dola hilo lilipotwaliwa na Italia mwaka 1870.

Mapadri Weupe walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Njia yao kuu ilikuwa kukomboa: walilipia watoto waliotekwa, wakawalea vituoni, huku wakijitahidi kuishi kwa amani na wafanyabiashara wa Ujiji. Wengi waliokolewa, lakini utekaji haukupungua, na mali iliyotolewa kama fidia iliweza kununua baruti ya msafara mwingine. Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa Rumonge, Burundi, katika ugomvi uliohusu mtoto mmoja tu. Imani katika njia hiyo ikazidi kupungua.

Mwaka 1885 walikabidhiwa ngome mbili za Wabelgiji: Karema, iliyoanzishwa 1879, na Mpala, ng'ambo ya ziwa, ya mwaka 1883. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, alikubali ombi la Joubert la kwenda kuzilinda. Alifika Karema Novemba 1886. Askofu Charbonnier alimbakiza huko miezi michache, na mwaka 1887 akavuka kwenda Mpala.

Huko aliwafundisha vijana wenyeji kutumia bunduki, akaamua pia mashauri ya wanakijiji. Jambo hilo halikuwa jepesi kwa wamisionari: padri anayehubiri amani sasa alikuwa na askari uani. Askofu Bridoux, aliyemfuata Charbonnier, aliagiza vita viwe vya kujihami tu. Kwa agizo hilo Joubert alisubiri kushambuliwa, na adui ndiye aliyechagua siku na mahali. Vita vya Abushiri pwani (1888-1889) vilifanya silaha na risasi ziwe adimu zaidi, wakati ambapo Rumaliza, mkubwa wa wafanyabiashara wa ziwani, alikuwa na watu wengi kuliko yeye.

Msaada ulifika mwishoni mwa 1891 pamoja na kapteni Jacques kutoka Ubelgiji, aliyeanzisha Albertville, sasa Kalemie. Rumaliza alishindwa mwaka 1894 na majeshi ya Dola Huru la Kongo, dola ambalo baadaye lilijulikana kwa ukatili wake lenyewe.

Karema yenyewe ilikumbuka zaidi njia ya kwanza. Adriani Atiman, aliyekombolewa utotoni na kusomea uganga Malta, alifika huko mwaka 1889 akatibu wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1956.

Joubert hakurudi Ulaya kuishi. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakao, mwenyeji wa huko, na wawili kati ya watoto wao wakawa mapadri. Alifariki akiwa na umri wa miaka 85.